Ndizi za Bi Riyama

Chukwani, 14 Aprili 2025

Kwa Mama Mkubwa Kazija,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta wewe na Baba Usi mna afya, na paa la jikoni limeshaezekwa kabla mvua za masika hazijawafuata mezani. Sisi huku Chukwani hatujambo. Anuar anakusalimu, na watoto wanauliza lini utawaletea tena vile vileja vyako vya Idi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe umetaka. Kheir mpwa wako amenifikishia ujumbe neno kwa neno: “Mwambie Nadra simu alinikatia mwenyewe. Barua haikatwi.” Ni kweli nilikukatia. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mama yangu, na wewe ulikuwa dakika ya kumi na moja ukinieleza kwamba mdogo wako amepatwa na jicho la wakulima wa mwani wa Kiwengwa. Naomba radhi. Watu siku hizi wanazungumza na jamaa zao wa Kanada huku wanaonana nyuso, na mimi natuma barua Matemwe ndani ya tenga la samaki la Kheir linalorudi tupu.

Sasa la maana. Mama tumekurudishia Jumamosi, akiwa anatembea mwenyewe. Yaliyompata hayana jicho wala kijicho. Katika damu yake imepungua chumvi moja inayoitwa potasiamu, nayo ndiyo inayoipa misuli nguvu na kuufanya moyo upige kwa mpango. Ikipungua, miguu hulegea, tumbo hulala, na moyo huanza kupiga unavyotaka wenyewe. Ndiyo maana alianguka majini akifunga mwani. Tulimtilia dripu siku mbili mpaka akakaa sawa.

Mimi mwenyewe ndiye niliyempokea wodini. Fomu nzima niliijaza kwa dakika tano, maana nani anamjua mama yangu kuliko mimi? Daktari akamuuliza anatumia dawa gani nyumbani. Nikajibu kwa niaba yake kwamba hatumii kitu, tukaendelea na kazi.

Maagizo ni machache. Ile dawa ya chupa anywe akishakula, na maji mengi, la sivyo itamuunguza tumbo. Apewe ndizi, madafu, maharage, mchicha, viazi vitamu. Akisema moyo unamruka au miguu imekuwa mizito, asisubiri dua wala Ijumaa, aletwe siku ile ile. Baada ya wiki tatu arudi kupimwa damu.

Nijibu kwa tenga hilo hilo.

Mwanao,
Nadra


Matemwe, 20 Aprili 2025

Kwa Muuguzi Nadra binti Munir,

Marahaba, mwanangu. Hii ni marahaba ya maandishi, ile ya simu ilikatwa njiani.

Sisi tu wazima. Paa limeezekwa nusu, kwa sababu baba yako Usi anaumwa jino na mwenye jino hapandi ngazi. Mbuzi wetu kazaa mapacha. Mwani wa bamvua hii si mbaya, ingawa kwa kufunga kamba nimebaki peke yangu, mdogo wangu kaniachia shamba la majini kama bibi harusi.

Nimekusoma mara mbili. Huyo Potasiamu sikuwahi kumsikia katika ukoo wetu, na sasa naambiwa kaondoka bila kuaga na nyumba nzima imtafute. Sawa. Ila ulipoandika ndizi, kwa nini hukuandika ngapi? Kheir aliisoma barua yako kwa sauti barazani, na barazani hapakosi masikio. Jioni ile ile zikaanza kuingia. Kisukari, mzuzu, mkono wa tembo, kila jirani na mkungu wake. Chumba cha mama yako kimekuwa kama ghala la soko. Nzi wamehamia. Wageni wakija hawamuulizi mgonjwa hali, wanauliza mkungu upi umeiva.

Madafu anakunywa mawili kwa siku. Dawa ya chupa anakunywa na uso wake anaukunja, nami namwambia wewe kunja tu, bora iingie.

Linalonikera ni tumbo. Limekuwa gumu kama ngoma, siku ya nne leo hajapata choo. Hilo katika maagizo yako sikuliona, labda haliko katika mitihani yenu. Usijali. Nilimlea mama yako kabla hajakuzaa wewe, na matumbo ya ukoo huu nayajua kuliko mashine. Leo asubuhi alitaka kuniambia kitu, nikamwambia anywe kwanza, maneno hayaharibiki.

Wasalimie watoto. Vileja vitakuja na mtu mwenye adabu ya kusikiliza mpaka mwisho.

Mama yako mkubwa,
Kazija


Chukwani, 9 Mei 2025

Kwa Mama Mkubwa Kazija,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa Baba Usi. Jino mwambie aling’oe, halitajing’oa kwa kusimuliwa. Sisi wazima, mtoto wetu mdogo tu ana mafua.

Unajua kwamba mama kalazwa tena tangu Ijumaa ya tarehe pili. Unajua kwa sababu ulikuja naye. Ulimfikisha mlangoni, ukamwacha mikononi mwa Kheir, ukageuka na gari lile lile kwa kisingizio cha mkate ulioko motoni. Mkate wa kuacha Matemwe mpaka mjini na kurudi, Mama Mkubwa, huo si mkate, ni jivu.

Damu yake safari hii ilikuwa chini zaidi ya mwanzo. Niruhusu nikueleze kazi inavyofanywa, ili siku nyingine usiseme tunampa chumvi ya ndizi kwa mpira. Dawa hii haisukumwi mshipani kwa sindano moja. Ukifanya hivyo moyo unasimama na mgonjwa umemuua. Huchanganywa na maji mengi, hupita kwenye mashine pole pole kwa masaa, na ikipita mshipa huwaka. Mwenzangu Bashira alikaa naye zamu nzima. Akiangalia mkono usivimbe pale sindano ilipoingia, akiangalia mistari ya moyo kwenye skrini, akipima mkojo kila saa, kwa sababu figo zikilala dawa yenyewe hugeuka sumu. Mama hakulalamika hata mara moja. Hana tabia hiyo, alhamdulillahi.

Sasa swali langu, na naliuliza kwa heshima zote. Siku mbili za mwanzo alikwenda choo mara tisa. Bashira ameandika kwenye chati, mara na saa. Huyu ni yule yule uliyeniambia tumbo lake gumu kama ngoma. Alikunywa nini kabla ya kuja? Na tafadhali usinijibu madafu. Madafu hayanuki ukwaju na tangawizi, na kanga aliyokuja nayo ilinuka vyote viwili.

Mtu anayeendesha tumbo namna hiyo humwaga potasiamu yote chooni. Tunamtilia juu, anamwaga chini. Nikisema haya simlengi mtu.

Atatoka Jumapili. Safari hii uje umpokee ndani, si mlangoni.

Mwanao,
Nadra


Matemwe, 18 Mei 2025

Kwa Nadra,

Marahaba. Jino limeng’olewa. Paa limekwisha. Kapacha kamoja ka mbuzi kamekufa, Mungu hakukapa siku.

Mdogo wangu nimempokea ndani, kama ulivyoamrisha, na Bashira nimemwona. Msichana mzuri, ana mikono ya kazi. Sikujua tu kwamba ndiye karani wa choo. Mimi nilidhani hospitali mnaandika homa, kumbe mnaandika hata mtu ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Basi mngetundika daftari mlangoni kila mmoja ajiandikishe.

Kuhusu harufu ya ukwaju: nyumba hii haijapungukiwa na ukwaju tangu enzi za mama yetu, Bibi Duni, aliyefariki ana miaka tisini na moja na meno yake yote. Desturi zake ulizikuta, na ndizo zilizokulea. Kila mwezi ukiandama, Alhamisi yake, wanawake wa nyumba hii husafisha matumbo. Na wewe ulisafishwa, ukikimbia uani umeshika gauni, na hukufa. Leo nikimwona mgonjwa tumbo limemfura, niketi nimtazame mpaka zamu ya Bashira?

Nimemaliza hilo. Liko jingine dogo. Nilikuwa nakung’uta godoro la mama yako, na chini ya mto nikaona kitu. Nimekirudisha pale pale nilipokikuta. Sitakitaja, maana mimi sikusomea. Lakini kusoma najua, na mwandiko wa mwanangu naujua, nilikushika mkono ulipoandika alifu yako ya kwanza.

Mvua huku haijakatika.

Mama yako mkubwa,
Kazija


Chukwani, 20 Juni 2025

Kwa Mama Mkubwa Kazija,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya baraka kwenu. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi na Kheir hakupita upande wetu. Nyama mliyotuma ilifika, tumeila na kuwaombea dua.

Watoto wamefunga shule. Anuar amepaka rangi ukuta wa mbele, rangi ya maziwa. Nimefurahi kusikia paa limekwisha.

Mama namwomba aendelee na dawa ya chupa. Apumzike. Kuhusu kipimo cha damu, atakapopata nafasi aje, si lazima iwe wiki hii.

Nawaombea afya,
Nadra


Matemwe, 2 Julai 2025

Kwa Nadra,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa kidole. Ina rangi ya ukuta, ina nyama ya Idi, ina shule. Hakuna neno hata moja linalouliza nilichokiona chini ya mto. Umeliruka kama mbuzi anavyoruka mfereji, na hata mkia haukulowa.

Na mimi, ukitazama, sikuulizwa tena juu ya ukwaju. Naona tumeelewana, mwanangu. Sisi ni ukoo wa watu wastaarabu.

Mama yako hajambo. Asubuhi anaketi kizingitini anawatazama wenzake wakiteremka kwenye mwani, mimi nimemkataza. Akitaka kuinuka hushika mlango. Mwezi umeandama Alhamisi iliyopita. Ndizi zinaendelea, ingawa naona hata majirani wamechoka nazo.

Kazija


Chukwani, 24 Julai 2025

Kwa Mama Mkubwa Kazija,

Shikamoo. Sina habari za ukuta leo.

Siku tatu wiki iliyopita tulikaa mimi na wewe pande mbili za kitanda cha mama. Safari hii ulikuja ndani bila kuambiwa. Tukazungumzia bei ya vitunguu. Tukazungumzia kama feni ya wodi inazunguka vya kutosha. Usoni sikuweza, kwa hiyo nakuandikia, na kwa mara ya kwanza nashukuru kwamba ulinikataza simu.

Hukuwapo Ijumaa alipoletwa, ulikuwa bado njiani. Nakusimulia nilichokiona. Ilikuwa baada ya Alasiri. Bashira alishamwekea vibandiko kifuani, dripu inapita, na mimi nimekuja kwa mguu kutoka wodi yangu. Mistari ya moyo kwenye skrini ilikuwa inakwenda, ikaruka, ikaenda, halafu ikawa matuta matupu yanayofukuzana. Mama akanitazama. Macho yake yakapanda juu. Mimi, nesi wa miaka kumi na mbili, niliyewafundisha wengine nini cha kufanya, nikasimama nimeshika chandarua. Bashira ndiye aliyepiga kelele, ndiye aliyepanda juu ya kitanda na kukandamiza kifua, mpaka daktari akaja na mashine ya kuushtua moyo. Moyo ulirudi. Dakika mbili zile nitazibeba mpaka kaburini.

Daktari akauliza tena, kwa mara ya tatu tangu Aprili: huyu mama anatumia dawa gani nyumbani? Akamwuliza nani? Mimi. Na safari hii nikamjibu.

Wewe unayajua, uliyaona, lakini uyasikie kwangu. Kabla ya Ramadhani mama alikuja kwetu, mguu umevimba. Nikautazama kwa jicho moja huku nakaanga samaki, nikasema haya ni maji, moyo umechoka. Sikumpeleka kwa daktari. Sikumpima damu. Nikanunua vidonge vya kupunguza maji mwilini, nikavitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika “1 asubuhi”, na kila alipokuja mjini nikamjazia vya miezi kadhaa. Vidonge vile hutoa maji kwa mkojo, na potasiamu hutoka nayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Alipolazwa mara ya kwanza nikaelewa dakika ile ile, na daktari alipouliza nikasema hatumii kitu, kwa sababu Bashira alikuwa amesimama pale na niliona haya. Nikamnong’oneza mama ukumbini aache. Wala sikungoja anijibu. Naye akaendelea, kwa sababu bahasha ilisema kila asubuhi, na bahasha iliandikwa na mwanawe nesi.

Harufu ya sanamaki, ile dawa ya kuendesha mnayoichanganya na ukwaju, niliijua Mei, Mama Mkubwa. Niliijua kabla sijakuandikia. Ningekuja Matemwe barua yako ya Mei iliponifikia, nikalimwaga kopo lako la sanamaki uani. Sikuja, kwa kuwa barua hiyo hiyo ilisema umeona kitu chini ya mto.

Mkuu wa wodi nimemweleza yote. Nimetolewa kwa wagonjwa, napanga mafaili mpaka nitakapoitwa kwenye kikao. Bashira ananisalimia vizuri kupita kiasi.

Mama anatoka keshokutwa. Bahasha nimeichukua. Kopo liko kwako.

Nadra


Matemwe, 3 Agosti 2025

Mwanangu Nadra,

Marahaba.

Nilitaka kuanza kwa kejeli, nikaandika mistari minne, nikaichana. Usi kaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia vitunguu. Kasema hatuna vitunguu.

Sanamaki nilimpa mimi. Si mara moja kwa mwezi, kama desturi ilivyo. Desturi ya Bibi Duni ni kikombe kimoja, Alhamisi moja, basi. Mimi nilimpa kila tumbo lilipofunga. Likifunga nampa, anaendesha siku mbili, analegea, halafu linafunga tena gumu zaidi, nampa tena kikombe kikubwa zaidi. Bashira alinieleza wodini, kwa upole, bila kujua kwamba anayemweleza ndiye aliyempa: chumvi ile ikipungua, matumbo yenyewe hukosa nguvu ya kusukuma, ndiyo maana hufunga. Akasema, “Sasa bibi, mtu akimpa dawa ya kuendesha, si ndiyo anammaliza?” Nikamwambia naam, mwanangu, kweli, watu wengine hawana akili. Nikaenda kusimama dirishani.

Kwa hiyo niliona ugonjwa, nikaupa chakula, nikashangaa unanenepa.

Hilo ni la ujinga, na ujinga Mungu husamehe. La pili si ujinga. Bahasha yako niliiona Mei na nikajua ni dawa asiyoijua daktari, maana wewe mwenyewe uliniandikia Aprili kwamba ulimwambia daktari hatumii kitu. Ningeweza kuitupa baharini. Niliiacha pale pale chini ya kichwa chake kwa sababu ilikuwa inanifaa. Nilisema moyoni, siku Nadra akinisogelea kwa ajili ya sanamaki, nitamwonyesha. Kila asubuhi nilimwona mdogo wangu akimeza kidonge, nikanyamaza, miezi miwili. Mimi niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa shamba.

Kopo nimelimwaga. Nimelimwaga mbali, hata kuku wasiguse.

Kikao kikikuita, useme na langu. Usinifiche kwa sababu ya utu uzima.

Kazija


Chukwani, 11 Agosti 2025

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma jikoni, na mimi nilimwambia Anuar ni vitunguu. Vilikuwapo, lakini havijamenywa.

Kikao kilikuwa Jumatano. Onyo la maandishi, na miezi sita nafanya kazi chini ya uangalizi. Ya Bashira. Amepandishwa. Wamenihurumia kuliko nilivyostahili, na hilo nalo linauma.

Vipimo vya Ijumaa ni vizuri. Potasiamu imekaa mahali pake, moyo unakwenda kama saa ya ukutani, wala hatujampa chochote kipya. Kumbe huyo uliyesema kaondoka bila kuaga alikuwa tayari kurudi, sisi wawili ndio tuliokuwa tunamfukuza mlangoni. Ndizi sasa anaweza kula moja kama binadamu wengine.

Lipo moja tu silielewi. Damu nzuri, nguvu za mikono zimerudi, tumbo laini. Lakini Ijumaa nilimwona akishuka ngazi ya hospitali anashika ukuta, hatua moja moja. Misuli ingepaswa kuwa imeshapona. Nimeuliza daktari, kasema tumpe muda. Wewe uliye naye, unaonaje?

Mwanao,
Nadra


Matemwe, 17 Agosti 2025

Mwanangu Nadra,

Marahaba, na salamu zako zimefika. Bashira ni bosi wako sasa, basi mwandalie chai na umwambie mara ngapi umekwenda choo.

Barua yako niliisoma kwa sauti, na mama yako yupo, anachambua mchele. Nilipofika pale pa “wewe uliye naye, unaonaje”, akaweka ungo chini. Akasema na yeye ana barua. Nikamwambia niambie nitamwandikia. Akasema, “Hutoniandikia, utaandika nnachosema. Kuna tofauti.” Basi haya ni maneno yake, mkono tu ni wangu.

“Nadra mwanangu, mimi mamako. Nshapona, nashukuru. Nshasikia mliyoandikiana, maana dada akisoma barua hata kuku wanasikia. Mmeombana radhi nyinyi wawili, vizuri sana. Mimi nlikuwa wapi?

“Daktari kaniuliza nnatumia dawa gani. Nkafungua mdomo, wewe ukajibu. Dada kaniona tumbo limefunga. Nkafungua mdomo, kikombe kishafika.” (Mimi Kazija nasema si kila siku. Kasema niandike kila siku.) “Nlijua vile vitu viwili havinipendi. Kikombe kilikuwa kinanimaliza, na kidonge nacho. Nlikinywa cha dada kwa sababu kanilea, kukikataa ningemvunja moyo. Nkameza chako kwa sababu nlikusomesha kwa mwani, mikono ikachubuka, ili uwe nesi, halafu nikatae dawa ya nesi? Nkawa nakunywa vyote kila mtu aridhike. Na ndizi nlikula, majirani waridhike.

“Siwalaumu. Ila sasa nataka kitu kimoja. Kabla hamjanipa chochote, cha kopo, cha bahasha, cha chupa, mnitazame usoni na mniulize: Riyama, unaumwa wapi? Tangu kabla ya Ramadhani mpaka leo hakuna aliyeniuliza.”

Hayo ndiyo maneno yake, na karatasi imelowa kidogo hapa, usijali.

Nimemkatalia. Nimesema haiwezekani, ukoo mzima huu, hospitali nzima, fomu, chati mpaka za choo, iweje hakuna aliyeuliza. Akasema, “Basi uliza wewe.” Nikaweka kalamu chini. Mwanangu, nina miaka sabini na mbili na sikujua swali hilo lina uzito gani mpaka nilipotaka kulitamka kwa mdogo wangu. Nikamuuliza. Riyama, unaumwa wapi?

Amesema goti.

Goti la kulia. Aliteleza juu ya kijiti cha mwani mwezi wa Februari, likapinda, mguu ukavimba. Mguu mmoja, Nadra. Alikuja kwako ulitazame goti, si moyo.

Nipigie simu. Niko nayo mkononi, na sitaikata.

Kazija